Nyumba Njema ya Mwinyihaji Bama

Kijiwe chenyewe hakikuwa na fahari yoyote: ubao wa mnazi uliolazwa juu ya mawe mawili, kwenye kona ambapo njia ya Bofu inakutana na ile inayoshuka kivukoni, mkabala na nyumba ya Mwinyihaji. Waliokikalia walikuwa wale wale kila alasiri, na kila mmoja alikuwa na jina alilopewa na kijiwe, hata lile la wazazi likaanza kusahaulika. Mwinyihaji aliitwa Bama, yaani Burma, kwa kuwa huko ndiko alikopigana vita vya Hitla akiwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Jamaludin, fundi wa kushona, aliitwa Wakili, kwa sababu siku moja katika maisha yake alipelekwa kortini kushuhudia kesi ya kuku aliyeibwa, na tangu hapo hakuacha kuzungumza kama mtu aliyevaa joho. Charo, kijana wa Kigiriama aliyetoka Kisauni, aliitwa Simiti, maana kazi yake ilikuwa kubeba simiti kwenye nyumba ambazo serikali ilikuwa ikizijenga kilimani. Na Hadi, muuza kahawa, aliitwa Dele, kama birika lake la kahawa. Ulikuwa mwezi wa tatu wa mwaka ule ambao kila mtu alikuwa akingojea bendera mpya, na pwani hakuna aliyekuwa na hakika ingekuwa bendera ya nani. Idi ilikuwa imepita. Upande wa Mtongwe mawingu ya masika yalikuwa yameanza kusogeleana.

Jumamosi hiyo hakuna aliyeketi akatulia. Simiti alisimama kila mara kuitazama njia ya kivukoni. Wakili alikuja na shati la mtu lililobakia mkono mmoja, akapiga sindano mara mbili, akalisahau gotini. Hata Mwinyihaji, ambaye kwa kawaida hukaa wima kama yuko gwaride, alikuwa akivua kofia, akiitazama ndani, akiivaa tena.

Sababu yao ilikuwa moja. Serikali ilikuwa imeahidi nyumba za matofali na bati kule kilimani. Safu za chini zilikuwa za wafanyakazi, na safu ya juu kabisa, ile inayopata upepo, ilikuwa ya askari wa zamani wa Keya. Kwa miaka miwili ahadi hiyo ilikuwa maneno tu, kisha ghafla ikawa msingi, ikawa kuta. Jumatano iliyopita majina ya askari watakaopewa yalisomwa mbele ya ofisi ya Bwana Shauri, mtawala wa wilaya. Mwinyihaji alivaa nishani zake akaenda kusikiliza. Hakutajwa. Aliambiwa kwamba Jumamosi ofisi ingemtuma mtu apite mara ya mwisho kwa walioachwa, na baada ya hapo mlango ungefungwa.

Na mwanzoni mwa alasiri hiyo, Mwanatatu, mkewe Mwinyihaji, alisema neno moja dirishani ambalo kijiwe kizima kililisikia na hakuna aliyelielewa. Alimwambia mumewe:

—Leo akija, usimshukuru.

Basi wakawa wanangoja, na kungoja kukazaa maneno.

Wakili ndiye aliyeanza. Alisema amelifikiria jambo hili tangu Jumatano na ameona kwamba kosa si la Bama. Kosa ni la bendera.

—Bendera ipi? aliuliza Dele, akimimina.

—Ndilo swali lenyewe. Bama amewapigania Waingereza, sivyo? Lakini amezaliwa hapa Likoni, na huu mwambao ni wa Sultani, Mwingereza amekodi tu. Sasa Mwingereza akimtazama asema: huyu ni mtu wa Sultani, mwenyewe na amjengee. Sultani akimtazama asema: huyu alivaa kofia ya Mwingereza. Wahenga walisema, mafahali wawili hawakai zizi moja.

—Hapo mafahali ni nani?

—Hao wawili.

—Na zizi?

—Zizi ni Bama.

Mwinyihaji akasema kwa upole kwamba yeye hajapata kuwa zizi la mtu. Simiti akamkumbusha Wakili kwamba Mzee Baya wa Kisauni ametajwa, naye alipigana Bama vile vile, na Kisauni ni mwambao huu huu. Wakili akafikiri kidogo, akasema sheria ya kaskazini ya kivuko si sheria ya kusini ya kivuko. Alilisema kwa utulivu mkubwa, kama mtu aliyelisoma mahali.

Simiti hakukubali. Yeye ndiye aliyezishika nyumba zile kwa mikono yake, na kwa maoni yake mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alisema nyumba zile si za wafanyakazi wala si za askari. Alieleza kwamba madirisha yamewekwa juu, mtu hawezi kuchungulia. Mlango ni mmoja mbele na mmoja nyuma, na yote ina makomeo ya chuma. Hakuna baraza, kwa hiyo mwenye nyumba hana pa kumkalisha mgeni. Kisha akashusha sauti.

—Na choo wamekitia ndani.

—Ndani ya ua, alisema Dele.

—Ndani ya nyumba, Dele. Karibu na chumba cha kulala. Nimekijenga mimi. Sasa niambieni, ni nani atiaye choo ndani ya nyumba, kama si mtu anayeogopa kutoka nje?

Kijiwe kikalipima jambo hilo. Simiti akaendelea kwamba wazungu wanaosema wanaondoka hawaondoki. Watajifungia mle kilimani na vyakula vyao vya mikebe, bendera itapanda, watu watacheza ngoma mpaka wachoke, na siku ya tatu watafungua makomeo watoke wakisema tulikuwa hapa hapa.

—Kwa hivyo Bama asubiri, alimalizia. Bandu bandu huisha gogo.

—Gogo ndilo liishalo, Simiti, alisema Dele. Nyumba haijengwi kwa kuishiwa.

—Mimi nasema subira.

—Basi sema subira, uliache gogo la watu.

Dele kwa kawaida hakuwa na nadharia. Kazi yake ilikuwa kuzima za wenzake. Lakini siku ile hata yeye alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi ulimpa maneno. Alisema wote wawili wamepotea. Ukweli ni kwamba serikali inawaogopa askari wake wa zamani. Ukiwachukua wanaume waliojifunza bunduki, ukawaweka safu moja, kilimani, wakiiona bandari yote, hapo hukujenga nyumba, umejenga kambi. Ndiyo sababu waliochaguliwa wote ni wagonjwa. Mzee Baya hana jicho moja. Yule wa Changamwe anatembea kwa gongo. Bama akaenda pale na nishani kifuani, kifua mbele, hatua kama ngoma ya jeshi. Nani amweke mtu kama huyo mlimani?

—Ungechechemea, Bama, alisema Wakili kwa masikitiko.

—Nichechemee na mguu mzima?

—Kidogo tu. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

—Hilo si la kuvunja guu ili upewe nyumba, Wakili, alisema Dele.

—Maadamu guu limo ndani ya methali.

Mwinyihaji alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alitazama mawingu ya Mtongwe, kisha akaitazama nyumba yake ng'ambo ya njia. Kwa mbele ilikuwa nyumba ya kupendeza. Aliipaka chokaa kila Idi, na chokaa ya mwaka huu ilikuwa bado nyeupe kabisa. Baraza lilikuwa limefagiliwa. Pazia la mlangoni lilikuwa safi. Ukipita njiani ungesema hapo anakaa mtu asiye na shida.

Dele aliyafuata macho yake, na hapo ndipo alipouliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria tangu Jumatano, kwa kuwa lilikuwa dogo mno.

—Bama, yule mtu wa ofisi alipokuja mara ya kwanza, kabla ya Ramadhani. Alikuuliza nini, nawe ukamjibu nini?

Mwinyihaji alieleza taratibu, bila kuficha. Mtu wa ofisi alifika na mzee wa mtaa. Yeye akamtandikia mkeka barazani, akaagiza dafu, likaja. Mgeni akanywa. Wakaamkiana vizuri, wakaulizana hali. Kisha mgeni akauliza habari za nyumba.

—Ukasema?

—Nikasema njema.

—Halafu?

—Akauliza kama twaishi vizuri. Nikasema twamshukuru Mungu. Akauliza kama nahitaji chochote. Nikamwambia dua zake tu.

Simiti alikitua kikombe chake chini. Halafu akaanza kucheka, akainama, akacheka mpaka akashika ubao, na mwisho hakikuwa tena kicheko cha furaha.

—Dua zake, alisema. Serikali imeleta nyumba, Bama ameomba dua.

—Ningesema nini? aliuliza Mwinyihaji, na sasa sauti yake ilikuwa na ukali kidogo. Mtu ameketi kwangu. Amekunywa dafu langu. Nimwambie kwangu kubovu? Amenikosea nini? Hata huko Bama, mzungu wetu akipita kutuuliza habari za handaki, na maji yametufika kiunoni, tulimwambia njema. Mwenyewe akijua. Akiona maji.

—Huyu hakuyaona maji.

—Alikuwa na haraka. Habari hazijaisha, keshasimama.

Na kwa kweli hapakuwa na mtu pale kijiweni ambaye angejibu tofauti. Hivyo ndivyo walivyolelewa wote, wa Likoni na wa Kisauni. Mtu akiulizwa hali husema njema kwanza, hata kama ametoka kuzika. Shida hufuata baadaye, polepole, baada ya kikombe cha pili, na mwenye kuuliza akiwa na adabu husubiri. Mtu wa ofisi hakusubiri. Alilichukua neno la kwanza akaondoka nalo.

Sasa wakaelewa Mwanatatu alimaanisha nini dirishani, kwamba ile shukrani ndiyo iliyowakosesha nyumba, na wasiwasi wao ukapata kazi ya kufanya. Wakili akasimama, akalikunja lile shati la mkono mmoja akalitia kwapani kama faili, akasema atamfundisha Bama kujibu. Yeye atakuwa mtu wa ofisi. Akatembea hatua chache, akarudi akiwa na uso wa serikali.

—Hujambo, mzee?

—Sijambo.

—Habari za nyumba?

—Njema.

Dele akatikisa kichwa. Wakaanza tena. Wakili aliondoka, akarudi, akauliza, na Mwinyihaji akasema njema kabla swali halijaisha. Simiti akamshauri apumue kwanza. Mwinyihaji akapumua, akasema njema. Wakamwambia aume ulimi. Akauma, akasema alhamdulillahi. Alikuwa kama mtoto anayejua jibu moja tu na analipenda. Kila ukimnyang'anya hulirudia kwa mlango mwingine.

—Sema mbovu, alisema Wakili, ameanza kutoka jasho. Neno ni hilo tu. Mbovu.

—Haliji.

—Basi usiseme neno. Mwonyeshe.

—Nimwonyeshe nini?

—Huo ubovu. Ubovu wenyewe ni upi, Bama?

Swali hilo Wakili alilitoa kwa haraka, kama sehemu ya mchezo, lakini lilipofika chini lilikaa. Mwinyihaji alivua kofia yake tena. Dele alimtazama Simiti, Simiti akamtazama Wakili. Walikuwa wamekaa mkabala na nyumba ile miaka mingi. Walikula pilau ya harusi ya bintiye Mwinyihaji pale barazani, walisoma hitima ya mamake pale barazani. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvuka pazia. Huko ndani ni kwa wanawake, na mwanamume mwenye heshima mwisho wake ni baraza. Tangu Jumatano walikuwa wakiizungumza nyumba ambayo wao wote wanaijua chokaa yake tu.

—Ni uzee tu, alisema Mwinyihaji mwishowe. Nyumba nayo huzeeka.

Akaivaa kofia yake.

Hapo ndipo walipomwona mwanamke akipanda kutoka kivukoni. Alikuwa kijana, gauni la rangi ya kahawia, kitambaa kichwani, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi. Wao walikuwa wakimngoja mwanamume wa suruali ndefu, kwa hiyo walimtazama bila kumwona. Alipofika aliwaamkia shikamoo wote, na wakaitika marahaba pamoja. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, lakini hakikuwa na haraka. Alisema anaitwa Nduku, ametumwa na ofisi kwa habari ya zile nyumba, na ameambiwa hapa yuko mzee wa Keya aliyeachwa.

Wakili aliketi. Lile shati bado lilikuwa kwapani.

Kilichofuata kilimfanya Simiti afumbe macho. Mwinyihaji alisimama, akavuka njia, akatandika mkeka barazani, akauliza kama kuna dafu. Dafu likaja. Akamkaribisha mgeni, akamuuliza za safari, za kivuko, za wazazi, za huko kwao. Nduku alijibu njema kwa zote, akanywa, akashukuru. Kila kitu kilikwenda kama mara ya kwanza. Wale watatu walikuwa wamesogea mpaka ukingo wa njia wakijifanya wanatafuta kivuli.

—Na nyumba yako, mzee, aliuliza Nduku. Ikoje?

Mwinyihaji alifungua kinywa. Alimtazama mgeni, akalitazama dafu mkononi mwa mgeni, akawatazama rafiki zake ng'ambo. Alijitahidi, wallahi alijitahidi, na jasho lilimtoka kwenye paji la uso kama mtu anayeinua jiwe.

—Si haba, alisema.

Wakili akakohoa vibaya sana. Dele akageuka, hakutaka kuona. Lakini Nduku hakusimama wala hakuandika. Aliendelea kunywa dafu lake.

—Baba yangu pia alikuwa Keya, alisema. Huko kwetu Ukambani. Naye hujibu si haba. Ghala letu lilikuwa si haba mpaka likamwangukia mbuzi.

Mwinyihaji alitabasamu bila kutaka.

—Mama yuko ndani?

—Yuko.

—Naweza kuingia nimwamkie?

Hilo halikuwa na kipingamizi. Lilikuwa jambo la adabu, na mwanamke kumwamkia mwanamke ndani hakuhitaji hata kufikiriwa. Mwinyihaji alibisha ukutani, akaita, na sauti ya Mwanatatu ikajibu abee. Nduku akavua viatu, akainua pazia, akaingia.

Wanaume wakarudi kwenye ubao wao wakangoja. Mwanzoni walisikia salamu, ndefu, zikipokezana. Kisha sauti zikaenda ndani zaidi, upande wa nyuma. Halafu pakasikika kitu kama mkono ukigonga kiambaza, na baada yake udongo ukimwagika chini, si kidogo. Simiti alijaribu kusema kwamba labda kule ofisini sasa wanawatuma wanawake kwa sababu ya ile habari ya bendera, lakini hakuna aliyelichukua wazo lake, likafa palepale.

Nduku alipotoka alikuwa na udongo mwekundu begani na kwenye kitambaa cha kichwa. Hakujipangusa. Alikaa tena mkekani, akasema kwa sauti ya chini, ingawa kijiwe kilisikia kila neno. Kiambaza cha nyuma kimeachana na fito. Paa lote la upande ule limekaa juu ya nguzo moja, na nguzo hiyo imesimamishwa pale pale palipokuwa kitanda. Wenye nyumba wanalala jikoni, karibu na mafiga.

Mwinyihaji alikuwa akitazama miguu yake. Alikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu, na rafiki zake waliona haya kwa ajili yake, wakatazama kwingine.

—Mzee, alisema Nduku, nitaandika nilichokiona. Uliyoniambia ni ya heshima, nayo nimeyapokea. Jina lako litaingia. Nyumba moja ya safu ya juu haina mtu bado, na ni yako.

Mwinyihaji alitaka kusema kitu, na safari hii hakuna neno lililokuja, si jema wala baya. Ndani, nyuma ya pazia, Mwanatatu alipiga kigelegele kimoja, kifupi, akakikata. Simiti alimshika Bama bega akalitikisa. Wakili alisema kwamba mafunzo ndiyo yaliyosaidia. Mtu akifundishwa vizuri hata akishindwa hushindwa kwa namna nzuri. Dele alijaza vikombe vyote, akamletea mgeni chake barazani kwa mikono miwili.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Nduku alipomgeukia Simiti. Alikuwa ameambiwa kwamba yeye anafanya kazi kilimani, akataka kujua safu ya juu itaezekwa lini.

Simiti alikuna kichwa. Hapa hakuwa na nadharia. Alisema kuta zimekwisha, milango imekwisha, lakini bati hazijafika. Kila wiki huambiwa ziko njiani. Fundi mkubwa amesema sasa ni baada ya mvua, maana hawezi kuwapandisha watu juu ya paa wakati wa masika.

—Na masika yaanza lini?

Wote wakatazama upande wa Mtongwe. Upepo ulikuwa umegeuka na ulinuka maji.

Nduku alikitua kikombe. Alisema ile nguzo ameitikisa kwa mkono mmoja nayo imetikisika, na haitavuka mvua kubwa ya kwanza. Mzee na mama wasilale tena katika nyumba ile, hata jikoni, maana paa likishuka halitachagua. Ofisi haina mahali pa kuwaweka kwa sasa, na yeye hatawadanganya. Akawatazama wale watatu waliokuwa wamesimama ukingoni mwa njia. Aliwauliza kama anavyouliza mtu mwenye hakika ya jibu:

—Basi nani kati yenu atawapa chumba mpaka mvua ziishe?

Hawakuwa watu wachoyo. Kijiwe kile kiliwahi kuzika maiti asiye na ndugu, kiliwahi kumlea mtoto wa mtu aliyefungwa, na kikombe cha kahawa pale hakikuwahi kunyimwa mtu kwa kukosa senti. Jibu lilitakiwa litoke upesi, litoke kwa vinywa vitatu pamoja, wagombanie. Mwinyihaji mwenyewe alikuwa tayari amenyoosha mkono kusema hapana, wasisumbuliwe, kama mtu anavyokataa mara ya kwanza akijua ataombwa mara ya pili.

Hakuna aliyeomba. Mkono wake ukabaki hewani, kisha akaushusha polepole.

Dele aliinama akachochea makaa yaliyokuwa yakiwaka vizuri. Simiti aliitazama miguu yake iliyokauka simiti mpaka vifundoni. Wakili alilifungua lile shati, akatafuta sindano, akaipata, hakushona. Walikuwa kama darasa ambalo mwalimu ameinua macho kutafuta wa kumwuliza, kila mtoto akitumaini kwamba kichwa cha mwenzake kimemkinga.

Nduku alishangaa. Alimtazama mmoja, akahamia kwa wa pili, akahamia kwa wa tatu. Alizitazama nyumba zilizopangana njia nzima mpaka kwenye mteremko wa kivuko, zote zimepakwa chokaa ya Idi, zote nyeupe, mapazia yake yote safi. Halafu uso wake ukabadilika, na alipouliza tena aliuliza kwa sauti ndogo, karibu kama anayeomba radhi.

—Kwani za kwenu nyinyi, wazee wangu, zikoje?

Tone la kwanza lilianguka juu ya ubao, likaacha doa la ukubwa wa senti. Wakili alikiinua kikombe chake, akakinywa taratibu mpaka mwisho, nacho kilikuwa kitupu tangu mwanzo.